Sindano za siku mbili: je, dozi ya kichanga wangu ilikatizwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, na nimejifungua mtoto wangu wa kwanza siku 12 zilizopita. Chupa ilipasuka jioni, uchungu ukachelewa, nikajifungua kesho yake usiku baada ya saa zipatazo 26, nikiwa na homa. Mtoto alilia vizuri na kunyonya, lakini alichukuliwa damu, akawekewa kanula mkononi, akaanzishiwa sindano za ampisilini na gentamisini. Siku ya tatu daktari alisema kipimo cha kuotesha damu hakikuonyesha vijidudu, akaagiza sindano zisimamishwe, tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu hapo sina amani. Mama mkwe anasema dozi ya antibayotiki haikatizwi, na amenunua dawa ya maji ya ampikloksi ili tumalizie siku saba. Wifi yangu naye anasema mtoto hakuwa mgonjwa hata kidogo, kwa hiyo sindano zile zimemharibu tumbo bure, na kweli anapata choo laini cha njano mara sita au saba kwa siku. Nimsikilize nani?
Mama mzazi, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa uzazi. Nianze na lile linaloweza kuharibika leo hii kabla hujamaliza kusoma: usimpe mtoto ile ampikloksi. Mama mkwe ameinunua kwa mapenzi, na mweleze hivyo kwa heshima, lakini chupa hiyo haina kazi kwa mjukuu wake.

Uliyoeleza yanaonyesha kwamba waliomhudumia mwanao walifanya maamuzi mawili, la kuanza na la kusimamisha, na yote mawili yalikuwa sahihi. Watu wengi hudhani uamuzi ni mmoja tu, wa kutoa dawa au kutoitoa. Mama mkwe analiona la kwanza tu, na wifi analiona la pili tu.

Walianza kwa sababu hizi. Mtoto akiwa tumboni hulindwa na chupa. Chupa ikipasuka na saa zikapita, vijidudu vilivyo katika njia ya uzazi hupata nafasi ya kupanda na kumfikia, na mama anapopata homa wakati wa uchungu, huenda vimeshapanda. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja mambo matatu hasa, yaani chupa iliyopasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, homa ya mama inayozidi nyuzi 38, na maji ya uzazi yenye harufu mbaya, na unashauri kwamba mtoto wa namna hiyo apewe ampisilini na gentamisini kwa angalau siku mbili, kisha achunguzwe upya. Wewe ulikuwa na mawili kati ya hayo matatu. Kichanga mwenye maambukizi ya damu hatoi tahadhari ndefu kama mtu mzima. Asubuhi hunyonya, mchana huwa mzito wa kuamka, na jioni anaweza kuwa hawezi kupumua vizuri, kwa sababu kinga yake bado ni changa na vijidudu husambaa upesi hadi kwenye mapafu na utando wa ubongo. Anayesubiri hadi dalili zote zijitokeze ndipo aanze dawa, mara nyingi huwa amechelewa. Kwa hiyo wifi yako anaposema mtoto hakuwa mgonjwa, anasema jambo linalojulikana leo, baada ya kipimo. Usiku ule alipozaliwa hakuna aliyelijua.

Walisimamisha kwa sababu swali lililowafanya waanze lilikuwa limejibiwa. Damu iliyochukuliwa kwa kiasi cha kutosha, kabla ya sindano ya kwanza, huwekwa kwenye chupa maalumu ya kuoteshea, na vijidudu vya hatari vikiwamo, kwa kawaida huonekana ndani ya saa 36 hadi 48. Saa hizo zikipita bila kitu kuota, na mtoto ananyonya, joto lake ni la kawaida na anapumua vizuri, hapo hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Ule msemo wa kwamba dozi haikatizwi ni wa kweli kwa mtu aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa. Mwanao hakuwa katikati ya dozi. Alikuwa katika siku za kusubiri jibu huku amelindwa, na jibu lilipokuja, ulinzi ule ukaondolewa. Kama damu ingeotesha vijidudu, au kama angeonyesha dalili, wangemweka kwa siku saba hadi kumi au zaidi, na hapo ningekuandikia maneno mengine kabisa.

Hata hivyo nisikufiche, mama, kwamba kusimamisha ni kugumu kuliko kuanza, hata kwa sisi tuliosomea. Nikiwa daktari kijana, katika wodi ambayo sitaitaja, nilimhudumia njiti wa wiki 30 ambaye kipimo cha damu yake hakikuotesha kitu, naye alikuwa akiendelea vizuri. Niliogopa kusimamisha. Nilijiambia siku mbili zaidi hazidhuru, kisha tatu zaidi, nikambadilishia dawa kwa nyingine yenye nguvu zaidi, na siku ya 14 akapata maambukizi ya fangasi kwenye damu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile wiki tatu alizoongezewa wodini zilitokana na woga wangu na si na ugonjwa aliozaliwa nao. Antibayotiki zenye wigo mpana huua pia vijidudu vinavyomzuia fangasi asitawale, na kwa njiti ambaye utumbo na ngozi yake bado ni laini, nafasi hiyo fangasi huitumia. Vilevile imeonekana kwamba njiti waliokaa na antibayotiki siku nyingi mwanzoni mwa maisha bila maambukizi kuthibitishwa walipata zaidi ule ugonjwa wa kuoza utumbo, ambao ni mmoja wa magonjwa yanayotisha kuliko yote katika wodi ya watoto wachanga.

Taaluma yetu imewahi kujifunza jambo hili kwa uchungu mkubwa. Mwaka 1956 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya kulinganisha njia mbili za kuwakinga njiti dhidi ya maambukizi. Kundi moja lilipewa penisilini pamoja na dawa ya salfa iitwayo salfisoksazoli, na ndilo lililopoteza watoto wengi zaidi, baadhi yao ubongo ukiwa umeharibiwa na umanjano. Baadaye ilieleweka kwamba salfa huiondoa bilirubini, ile rangi ya umanjano, kutoka kwenye protini inayoibeba ndani ya damu, kisha bilirubini iliyoachwa huru huingia kwenye ubongo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, madaktari wa Los Angeles walichapisha habari ya njiti waliozaliwa zaidi ya saa 24 baada ya chupa kupasuka, hali inayofanana sana na yako, ambao baadhi yao walipewa kloramfenikoli ili kuwakinga. Waliopewa dawa hiyo walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakupewa antibayotiki yoyote. Ini la kichanga halikuweza kuivunja dawa hiyo, ikajaa mwilini, mtoto akavimba tumbo, akawa na rangi ya kijivujivu, moyo ukashindwa. Wote waliozitoa dawa hizo walikuwa na nia ya kuokoa. Mwili wa kichanga si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa: ini, figo na damu yake hufanya kazi kwa namna yake, na kila dawa inatakiwa ijulikane kwake yeye.

Ampisilini na gentamisini alizopewa mwanao zimejulikana kwa miongo mingi. Gentamisini ndiyo yenye kuhitaji uangalizi zaidi kwa sababu inaweza kudhuru figo na usikivu wa masikio, na hatari hiyo hukua kipimo kinapozidi, siku zinapokuwa nyingi, au figo zinapokuwa hazifanyi kazi sawasawa. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi, akapewa kipimo kinacholingana na uzito wake kwa siku mbili, hatari hiyo ni ndogo sana. Iwapo kwenu, upande wa mama, kuna ndugu waliopoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano za jamii hiyo ya dawa, basi mweleze daktari, kwa maana kuna udhaifu wa masikio unaorithiwa kutoka kwa mama unaomfanya mtu adhurike hata kwa kipimo cha kawaida.

Sasa tumbo, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida hupokea vijidudu vya kwanza kutoka kwa mama yake, na maziwa ya mama yana sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Sukari hizo ni chakula cha vijidudu rafiki vya utumboni, hasa vile viitwavyo bifidobakteria. Antibayotiki hazichagui, nazo hupunguza vijidudu hivyo, na mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa au hata miezi. Tafiti kadhaa zimeona kwamba watoto waliopewa antibayotiki mapema hupata pumu, ukurutu au unene kwa kiasi fulani zaidi ya wenzao. Uhusiano huo si uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kwa sababu watoto wanaopewa dawa mara nyingi ndio waliokuwa na matatizo tangu mwanzo, lakini unatosha kutufanya tusiongeze hata siku moja isiyo na sababu. Kwa siku mbili alizopewa mwanao, dawa ya kurekebisha tumbo unayo tayari, nayo ni ziwa lako. Mnyonyeshe wewe mwenyewe, kila anapotaka, usiku na mchana, bila maji, bila glukosi, bila maji ya mchango. Mtori ni wako wewe, kula ushibe. Na choo laini cha njano mara sita au saba kwa siku, kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu na anayeongezeka uzito, ni choo cha kawaida. Kikigeuka kuwa maji matupu, kikawa na damu, au tumbo likijaa na kuwa gumu, mpeleke hospitali.

Utauliza kama kuna nchi ambako watoto kama wako hawapewi sindano kabisa. Zipo zinazojitahidi kupunguza. Takwimu zilizokusanywa katika nchi 11 za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia, zilizochapishwa mwaka 2022, zilionyesha kwamba kwa kila kichanga mmoja aliyethibitishwa kuwa na maambukizi ya damu ya siku za mwanzo, takriban vichanga 58 walianzishiwa antibayotiki. Huko California wapo wanaotumia kikokotoo kinachopima joto la mama, muda wa chupa kupasuka na hali ya mtoto, na kimepunguza watoto wanaopewa dawa kwa karibu nusu. Napenda siku moja tuwe na chombo cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa hesabu za huku kwetu, lakini cha California hakiwezi kuletwa Moshi kama kilivyo, kwa sababu kinategemea idadi ya wagonjwa wa kule, ambayo ni ndogo, na kinataka mtoto atazamwe kwa karibu kila baada ya saa chache, jambo ambalo muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi hawezi kulifanya hata akitaka. Mahali ambapo maambukizi ni mengi na maabara ni chache, kuanza mapema bado ni busara. Tunachoweza kuiga leo ni kuchukua damu kabla ya sindano ya kwanza, na kusimamisha kwa wakati.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, na kama majina ya dawa alizopewa na tarehe hayakuandikwa, omba yaandikwe utakaporudi kliniki. Mwaka mzima ujao kila atakayemhudumia atahitaji kuyajua.

SWALI: Daktari, nina duka la dawa muhimu huku Ngaramtoni, Arusha. Hasa miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi, kina mama huja wakitaka dawa ya antibayotiki kwa mtoto wa wiki mbili au tatu mwenye mafua au joto. Nikikataa wanakwenda duka la pili. Wengine hununua kapsuli moja ya mtu mzima ili wakaigawanye wenyewe. Nifanye nini?
Muuza dawa, Ngaramtoni

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza, maana wewe ndiye mtu wa kwanza ambaye mama huyo anamwona, na wakati mwingine ndiye wa mwisho kabla hali haijawa mbaya. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili usiuze antibayotiki ya kumeza, hata kwa kumwonea huruma.

Sababu ziko pande mbili. Kama mtoto ana mafua tu, ananyonya na kulala kama kawaida, basi ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Kama ana maambukizi ya kweli ya damu, dawa ya kumeza peke yake haitoshi, kwa kuwa ugonjwa huo unahitaji sindano. Nusu kapsuli humtuliza mtoto kwa siku moja, mama akatulia, kisha anapofika hospitali kipimo cha damu hakioteshi kitu kwa sababu dawa imeshavilewesha vijidudu, na daktari anabaki kutibu kwa kubahatisha. Mbaya zaidi, vijidudu vilivyobaki hai vimejifunza. Katika hospitali nyingi za Afrika kijidudu kiitwacho Klebsiella, ambacho huwaua vichanga wengi, ambacho kwa asili yake hakidhuriki na ampisilini, mara nyingi kimekuwa sugu kwa gentamisini pia. Daktari analazimika kutumia dawa za akiba, zilizo ghali, ambazo si kila hospitali inazo, na nazo zikishindwa hakuna kingine kabatini.

Kitu cha kufanya badala ya kukataa tu ni kumuuliza mama maswali na kuwa na kipimajoto. Muulize kama mtoto ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, kama amepata degedege, kama anajongea tu anapoguswa. Mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi ni nyingi mno, na kifua kinachobonyea ndani kwa nguvu anapovuta hewa ni hatari. Pima joto kwapani. Nyuzi 37.5 au zaidi ni homa, na chini ya 35.5 ni baridi ya hatari, ambayo huku kwenu wakati wa baridi isichukuliwe kuwa ni hali ya hewa tu. Ni kweli kwamba mtoto aliyefungwa mablanketi matatu na kofia anaweza kupanda joto bila ugonjwa, kwa hiyo mpunguzie nguo umpime tena baada ya muda mfupi, lakini ikiwa kuna dalili nyingine hata moja usisubiri kipimo cha pili. Mwandikie mama kwenye karatasi ulichokiona na saa uliyokiona, umwelekeze kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie amshike mtoto kifuani ngozi kwa ngozi njiani na aendelee kumnyonyesha kama anaweza. Mwambie pia kwamba akichomwa sindano ya kwanza zahanati kabla ya rufaa, asiikatae, kwa sababu ile ndiyo inayonunua muda wa safari.

Na ukiulizwa juu ya seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, maana najua vichupa vyake huulizwa madukani kama dawa ya kila kitu, jibu ni lile lile na kwa uzito zaidi. Kwa kichanga mwenye umanjano inaweza kuiondoa bilirubini kwenye protini yake, sawa na ile salfa niliyomweleza mama wa Pasua, na ikikutana na kalsiamu ya dripu katika mwili wa kichanga huganda na kuweza kuua. Hiyo hutolewa na daktari anayejua kwa nini ameichagua.

Kuhusu wateja wanaokwenda duka la pili, zungumza na huyo mwenye duka la pili. Nyote wawili mkisema neno moja, mama atakwenda kituo cha afya.

SWALI: Daktari, mimi ni bibi wa Marangu. Mjukuu wangu wa wiki tatu alikuwa na joto, jirani akasema ni meno ya plastiki, yang'olewe kabla hayajamuua. Zamani tuliwatoa watoto wetu hivyo, na wengine walipona bila hizo antibayotiki zenu. Pia nataka kujua kama kitovu kipakwe nini.
Bibi, Marangu

JIBU: Shikamoo bibi. Naomba asing'olewe kitu chochote. Hicho cheupe kinachoonekana kwenye ufizi, ambacho watu hukiita meno ya plastiki, ni chipukizi la jino la kawaida au uvimbe usio na madhara, wala hakileti homa. Homa ya mtoto wa wiki tatu ina chanzo kingine, na kila saa inayotumika kwa mkataji ni saa ambayo chanzo hicho hakitibiwi. Tena kisu kile huingiza vijidudu kwenye damu na kumtoa mtoto damu ambayo hana ya kupoteza. Nimewapokea wodini watoto waliokatwa ufizi asubuhi, wakaletwa usiku wakiwa na maambukizi ambayo hawakuwa nayo jana yake, na hapo antibayotiki, ambazo huenda wasingezihitaji, zikawa hazina mbadala. Wale waliopona zamani walipona ile homa licha ya kukatwa. Mjukuu wako apelekwe leo hospitali au kituo cha afya, hata kama joto limeshuka.

Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila majivu, bila mafuta, bila unga wa kapsuli ya antibayotiki ambao siku hizi baadhi hunyunyizia. Nepi ikunjwe chini yake. Ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, ikivimba, au kikitoa usaha wenye harufu, mtoto aonwe siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.